Andika tarehe kabla hujasambaza



Haya ni mazungumzo ya kikao chetu cha vijana baada ya swala ya Asri. Kuna walioomba yaandikwe kwa ajili ya wasiofika, na nimeyaandika karibu kama nilivyosema.

Ndugu zangu, dada zangu, nawauliza. Nani asubuhi hushika simu kabla ya kushika maji ya udhu? Usinyanyue mkono, Mwenyezi Mungu anajua. Sikulaumu, hata mimi niko hivyo. Kijana anaweza kuchukuliwa usiku kwenye mitaa yetu na gazeti lisiandike hata mstari. Simu ndiyo gazeti letu, kwa hivyo tujue kulitumia.

Nitawapa kisa, na kosa ni langu. Kijana wa mtaani kwetu alichukuliwa baada ya Isha na watu waliovaa kiraia. Nikaandika ujumbe mbio mbio: picha, jina, namba ya mama yake, na "tafadhali sambaza". Tarehe sikuweka. Alhamdulillahi, siku ya tatu alipatikana kituo cha polisi, akatoka. Tukashukuru, tukaendelea na mambo yetu. Lakini ule ujumbe ulibaki ukizunguka kwenye magrupu. Miezi ikapita, na mama wa watu bado anapigiwa simu na matapeli: "Tuma kitu kidogo tukuonyeshe mwanao alipo." Na mwanawe amekaa mbele yake anakunywa chai.

Halafu likaja zito zaidi. Kijana wa pili akachukuliwa, mtaa ule ule. Tulipotuma picha yake, majibu yakawa: "Hii si ile ya zamani?" "Huyu si alishapatikana?" Karibu siku nzima ilipotea tukieleza kwamba huyu ni mwingine.

Siku nzima, jamani! Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, zisipite saa 24, isipokuwa zikiishia nje ya saa za korti, ndipo hungojwa siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 51 kinampa aliyezuiliwa haki ya kuomba amri ya korti kwamba aletwe mbele yake, ile habeas corpus, na kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa. Sasa wakili akitaka kwenda kortini atakuuliza: lini, wapi, nani aliona? Ujumbe usio na tarehe haumsaidii, hata ukisambazwa mara elfu.

Na mjue hizi programu zinavyofanya kazi. Facebook na TikTok hazikupangii habari kwa saa. Zinakuletea kile zinachodhani kitakukalisha hapo. Video ya miaka miwili nyuma inaweza kuja juu ya taarifa ya leo asubuhi kwa sababu watu wanazozana kwenye maoni. WhatsApp nayo, ukiona mishale miwili, maana yake ujumbe umepita mikono mingi. Haimaanishi kuna aliyeuhakikisha.

Kwa hivyo ifuate habari wewe mwenyewe. Tovuti nyingi za habari zina mpasho wa RSS. Unaweka programu ya kusomea kwenye simu, unaipa anwani ya tovuti, na kila taarifa mpya inaingia ikiwa na tarehe yake, bila mtu kukuchagulia. Ukisikia "serikali imepitisha", nenda tovuti ya Kenya Law. Hukumu za korti na Gazeti Rasmi la Serikali vinasomwa pale bure.

Mnakumbuka tarehe 25 Juni 2025? Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza televisheni na redio ziache kutangaza maandamano moja kwa moja. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo, lakini kwa yale masaa sote tulihamia kwenye simu. Siku kama ile, ukisambaza picha ya mwaka jana ukasema ni ya leo, unamfanyia kazi yule yule asiyetaka watu waone.

Sisi tuna agizo la zamani kuliko simu. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakikishe habari anayoileta mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Mimi nimeyaonja majuto hayo.

Kwa hivyo tukubaliane. Kabla hujasambaza, weka tarehe, saa na mahali. Sema nani aliona, au habari umeitoa wapi. Namba ya mzazi usiiweke. Weka ya wakili au ya mtu wa jumuiya aliyekubali kupigiwa. Na kama mtu amepatikana, rudi pale pale ulipotuma, uandike AMEPATIKANA, na tarehe. Hili la mwisho ndilo tunalosahau sana.

Usiku huu, kabla ya kulala, fungua simu yako utafute ujumbe mmoja wa zamani uliousambaza ukauacha. Uufunge. Yawezekana kuna mama ambaye simu yake bado inalia.

Allah atulinde, awarudishe waliopotea kwa familia zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.