Tujiandae kwa Siku ya Mbio

(Mazungumzo ya mweka hazina wa kamati ya mbio katika kikao cha wanachama waishio Dar es Salaam)

  

Katibu alipotangaza kwamba mimi ndiye nitakayezungumza juu ya kujiandaa kwa mbio zetu za vilimani, baadhi yenu mlicheka. Mlikuwa na haki. Mnakumbuka yaliyonipata mwaka jana. Kwa wale ambao hawakuwepo, afadhali nieleze mwenyewe, maana kila ikisimuliwa na wengine inazidi kukua.

Mimi ni mhasibu, nina miaka arobaini na kitu. Mchana nakaa kwenye kiti cha ofisi, jioni nakaa kwenye foleni ya magari. Mwaka jana nilijiandikisha kilomita 12, na wenzangu kazini wakaahidi kuchangia chama chetu kwa kila kilomita nitakayomaliza. Nilijiandaa vipi? Nilinunua raba mpya, nikapanda basi, nikafika usiku wa kuamkia mbio, nikala migebuka ya mawese kwa mama mkubwa mpaka saa tano usiku. Presha yangu nilikuwa naijua tangu miaka miwili nyuma. Kwenye fomu, palipoulizwa ugonjwa, niliandika "hakuna".

Filimbi ilipolia nilitoka na vijana. Kilomita mbili za kwanza nilijiona bado niko sekondari. Kilomita ya saba, kwenye mlima, macho yakaingia giza, nikakaa chini ya mchikichi. Kijana mmoja wa mbio ndefu, aliyekuwa katika nafasi ya tatu, akasimama. Akanifungua kamba za raba, akatuma mtoto aite bodaboda, akaniuliza: "Shikamoo mzee, una presha?" Nikasema ninayo. Akasema, "Sasa mbona hukuandika?" Sikuwa na jibu. Yeye alipoteza zawadi yake kwa ajili ya neno moja la uongo nililoliandika mimi kwenye fomu.

Ndugu zangu, kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hilo. Mwenye presha, kisukari, pumu au moyo amwone daktari wiki kadhaa kabla, aseme wazi anataka kukimbia mlima, na ajibu fomu kwa ukweli. Daktari akikukataza, tembea, au simama kwenye meza ya maji. Ile fomu haikusudiwi kumwaibisha mtu. Mtu wa huduma ya kwanza anaitegemea ili ajue afanye nini.

La pili ni mazoezi. Tumebakiwa na wiki kumi. Asiyekuwa na mazoea aanze kwa kutembea haraka siku tatu kwa wiki, kisha achanganye kutembea na kukimbia, na aongeze kidogo kidogo. Dar es Salaam ni tambarare, kwetu ni vilima. Mtafute daraja la waenda kwa miguu au ngazi za ghorofani, mpande na kushuka. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti na ndiko watu wanakoanguka, kwa sababu njia za mashambani zina kokoto na mizizi. Wiki ya mwisho punguza mazoezi. Ulilokosa kwa wiki tisa hutalipata kwa siku nne.

Tunao walimu wetu. John Stephen Akhwari alikwenda Mexico mwaka 1968 akakimbia marathoni kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Misuli ikambana, akaanguka, akaumia goti, akafika wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Tunamheshimu kwa kumaliza, na ni haki yake. Lakini nasi tujifunze kwamba mahali usipopazoea panadai malipo yake. Halafu mtazameni Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025. Alivumilia ndani ya kundi, akangoja mpaka uwanjani, akachukua dhahabu ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani aliyemfuata aliandikiwa muda uleule, wakatofautishwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42 zikaamuliwa na nguvu aliyoiweka akiba. Mimi yangu niliitumia yote kwenye kilomita mbili.

La tatu ni safari. Kutoka hapa hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, iwe kwa treni au kwa basi, na miguu huvimba. Fika siku mbili kabla. Kumbuka pia kwamba kule jua huchomoza karibu dakika arobaini baada ya hapa. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, kwa hiyo filimbi italia saa moja na nusu. Usiku wa kuamkia mbio kula chakula ulichokizoea, na mapema. Mama mkubwa hatakasirika ukimwambia migebuka tutaila baada ya mbio. Asubuhi, saa mbili kabla, kunywa uji na kula ndizi. Raba ziwe zile ulizofanyia mazoezi, hata kama ni za mitumba, ilimradi soli haijalika. Dada zetu wanaotaka kukimbia na mtandio na suruali ndefu wavae kwa amani, ila wajaribu nguo hizo mazoezini kwanza.

La nne ni njia yenyewe. Zile ni njia za watu. Wapagazi wa misafara walizikanyaga njia za Ujiji kwenda Bagamoyo wakiwa na mizigo mabegani, na leo mama zetu wanapita na kuni na madumu ya mawese vichwani. Mkimbiaji ndiye ampishe mama mwenye mzigo. Msikate kona kwenye mihogo ya watu. Chupa ya maji irudi mezani, isitupwe shambani. Na ukimkuta mwenzako amekaa chini, simama. Mwaka huu kamati imekubali kwamba muda wa mkimbiaji aliyesimama kusaidia utarekebishwa, na kijana yule ndiye tutakayemwomba apulize filimbi.

Mwisho ni hesabu. Niliporudi kazini niliwaandikia wote walioahidi: nimemaliza kilomita saba, si kumi na mbili. Wawili walinitania. Wengine walilipa kumi na mbili hivyo hivyo, nami nikatoa risiti mbili, moja ya mbio na moja ya zawadi. Mtu akiona unamrudishia hesabu ya kilomita tano, mwakani atakuahidi tena bila kusita. Nawaomba ninyi nyote mnaotafuta wafadhili mfanye vivyo hivyo.

Hesabu za mwaka jana nazo zinawekwa wazi katika kijitabu chetu, na naomba mzisome. Mtaona fulana zilikula fedha nyingi kuliko tulivyotarajia. Mimi ndiye niliyesaini malipo hayo, na sikuyafurahia. Mwaka huu kwenye fomu kuna kisanduku: asiyehitaji fulana aweke alama, na bei yake iingie kwenye mradi.

Mradi wenyewe mnaujua. Ni vyoo vya wasichana na tenki la maji katika shule ya msingi ambayo wengi wetu tulisoma. Binti aliyekosa choo chenye mlango na maji hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, na masomo aliyoyakosa harudishiwi na mtu. Yeye ndiye anayetungoja pale mwisho wa mbio.

Mimi nimejiandikisha tena. Daktari ameniruhusu kilomita tano, kwa kutembea. Kwenye fomu nimeandika: presha. Anayetaka kuniahidi kwa kilomita anione baada ya kikao. Daftari ninalo, na kitabu cha risiti ninacho.