Kadi ya Afya Haivuki Tunduma



Kutoka Mwanjelwa hadi Tunduma barabara ni moja, na wengi huvuka kwenda Zambia kutafuta riziki. Wahenga walinena: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Umaskini huo hudhihirika siku ya ugonjwa. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza Igunga mwaka 1996, ni ya vituo vya Tanzania. Haimlindi mwanachama akishavuka mpaka.

Zambia nayo ina mfuko wake, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018. Sheria hiyo huwaandikisha raia pamoja na wageni waliokwisha kuwa wakazi halali. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1 ya mshahara wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 1. Aliyefika jana bado hajawa mkazi.

Kwa hiyo, katibu anapoagana na mwanachama anayehama, amhimize mambo matatu: ashughulikie hati za ukaazi mapema, aweke akiba ya matibabu mpaka atakapoandikishwa, na mchango wa kaya aliyoiacha nyumbani asiukatize.

Akiba haiozi, wala ushirika hauishii mpakani.