Anayeuliza Habari za Mungu Asifukuzwe Kikundini

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia

 

Leo hatutasema habari za mbegu wala mbuzi wa maziwa. Tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo tunalikuta karibu kila mahali tunapotembelea vikundi, lakini haliandikwi katika taarifa yoyote. Ni juu ya yule mwanachama mmoja anayeuliza maswali juu ya Mungu.

Mnamjua. Pengine ni kijana aliyerudi kutoka chuo. Pengine ni mzee aliyeacha kwenda kanisani zamani na haoni haya kusema hivyo. Mara nyingi ni mama aliyezika mtoto. Mkutano ukifunguliwa kwa sala yeye anatazama kando, na mkimaliza anauliza, "Sasa huyu tunayemwomba mvua, mbona alitunyima misimu yote ile?" Wengine wanacheka. Wengine wananong'ona kwamba ameingiwa na pepo. Halafu siku ya kuchagua mweka hazina jina lake halitajwi, ingawa kila mtu anajua kwamba yeye ndiye anayeandika hesabu vizuri kuliko wote.

Basi kikundi kimfanyie nini mtu huyu? Jibu letu tunalitoa mapema ili msingoje: asikilizwe. Hatusemi hivi kwa sababu imani yetu imelegea. Sisi ni watumishi wa kanisa na tunasali. Tunasema hivi kwa sababu tumeona kwamba kikundi kinachomziba mtu mdomo asiulize juu ya Mungu, hakikawii kumziba mdomo asiulize juu ya pesa.

Tena watu hawa si wachache kama tunavyofikiri. Katika hesabu ya watu ya 2019, Wakenya zaidi ya 750,000 walisema hawana dini yoyote. Hao ni majirani zetu. Wanachota maji kisima kimoja na sisi.

Wacha tuyachukue maswali yao matatu, moja moja.

SWALI LA KWANZA: Huyu Mungu ni wetu, au ni wa kuletwa?

Swali hili walibishana juu yake wasomi wawili wa Afrika Mashariki, na wote wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1931. Mmoja ni John Mbiti wa Kitui, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana. Mwingine ni Okot p'Bitek wa Gulu, Uganda, aliyefundisha pia katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mbiti alikusanya habari za watu karibu 300 wa Afrika, akaonyesha kwamba babu zetu walimjua Mungu kabla mmisionari hajashuka kwenye meli. Na kweli tunayo majina. Wakikuyu wanasema Ngai, na wazee wao waliomba wakielekea Kirinyaga. Wakamba wanasema Mulungu, tena Mumbi, maana yake muumbaji. Waluo wanasema Nyasaye. Wamaasai wanasema Enkai, na neno hilo hilo ni mvua na ni mbingu.

Okot p'Bitek hakuridhika. Alisema wasomi kama Mbiti wamechukua miungu ya Waafrika na kuivika nguo za Wazungu, mpaka wenyewe hawaitambui tena. Akatoa mfano wa Waacholi. Mwaka wa 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, "Nani aliwaumba?" Lakini katika lugha ya wazee hao hapakuwa na neno la kuumba kama lile la mapadre. Swali likageuka kuwa, "Nani aliwafinyanga?", kama chungu. Wazee wakashangaa. Mtu huzaliwa na mama yake, nani tena anamfinyanga? Wakasema hawajui. Mapadre hawakukubali, wakataka jibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaompinda mtu mpaka anakuwa na kibyongo. Wao waliamini kwamba huyo amefinyangwa na pepo mbaya aitwaye Rubanga. Basi akajibu: "Rubanga ndiye anayefinyanga watu." Kumbe hilo ndilo jina lililoingia katika mafundisho kuwa jina la Mungu!

Tunaweza kucheka, lakini tujifunze. Wale mapadre hawakuwa na nia mbaya. Kosa lao ni kwamba walipoambiwa "hatujui", walilazimisha jibu. Na sisi wa maendeleo tunafanya hivyo hivyo. Tunafika kijijini tukiwa na jibu mfukoni, tunauliza, "Shida yenu si maji?" Watu kwa heshima wanasema ndiyo. Baadaye tunakuta bomba limekauka na hakuna anayelijali, kwa sababu shida yao ilikuwa barabara.

Na Mbiti, je? Maswali ya p'Bitek hayakumvunja imani. Aliendelea kuandika, na katika uzee wake, kabla ya kufariki 2019, alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki. Mtu aliyeambiwa kwamba maneno ya Mungu yamevikwa nguo za kuazima alitumia miaka yake ya mwisho kutafuta maneno ya nyumbani yaliyo sawa. Okot p'Bitek, aliyefariki 1982, alimfaa kuliko watu mia wa kumpigia makofi.

SWALI LA PILI: Kama ni mwema na ana nguvu zote, mbona mtoto anakufa?

Swali hili ni la zamani sana, na limo ndani ya Biblia yenyewe. Someni kitabu cha Ayubu. Ayubu amepoteza watoto na mali, naye analalamika mbele ya Mungu bila kuficha. Rafiki zake watatu wanakuja na majibu tayari: umefanya dhambi, tubu, Mungu hakosei. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anakasirikia nani? Si Ayubu aliyelalamika. Anawakasirikia wale rafiki waliojifanya mawakili wake.

Kwa hiyo mama aliyefiwa akiuliza, sisi tusiwe wale rafiki watatu. Tusimwambie "ni mapenzi ya Mungu" kabla kaburi halijakauka. Kukaa naye, kumletea kuni na maji, hilo ni jibu pia. Na yeye hatuombi tumpe mahubiri.

Lakini kuna jambo la pili. Neno "ni mapenzi ya Mungu" mara nyingine linafunga mlango ambao ungeokoa mtoto wa pili. Tuchukue mfano wa mbali kidogo, ila ugonjwa wenyewe tunaujua hapa Kenya: kipindupindu.

Mwaka wa 1854 kipindupindu kiliingia mtaa mmoja wa London uitwao Soho. Kwa majuma machache walikufa watu zaidi ya 600. Siku hizo wengi walisema ugonjwa unaletwa na hewa mbaya, na wengine wakasema ni adhabu ya Mungu. Daktari mmoja, John Snow, alisema ni maji ya bomba la Broad Street. Mtaani hapo alikuwako kasisi kijana, Henry Whitehead. Yeye hakumsadiki daktari. Lakini hakukaa kanisani akipinga. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa watu aliokuwa amewazika jamaa zao, akauliza: nani alikufa, lini, na alikunywa maji gani? Alipozidi kuuliza akaona daktari alisema kweli. Tena ni yeye kasisi aliyegundua chanzo: mtoto mchanga aliyeugua kwanza, na mama yake aliyemwaga maji ya kufulia nepi ndani ya shimo la uchafu. Lilipochimbuliwa, shimo lile lilikuwa limepasuka, nalo lilikuwa hatua moja tu kutoka kisimani.

Whitehead alibaki kasisi mpaka mwisho wa maisha yake. Kuuliza hakukumfukuza kanisani. Kulimtoa tu nje ya mlango, akaenda kwa watu. Basi akitokea mtu kikundini akasema, "Msiseme Mungu alimchukua mtoto, semeni choo kiko juu ya kisima," msimwite mpagani. Chukueni kamba mkapime. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini.

Je, hapo tumemaliza swali la mateso? Hapana. Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023 uliua mifugo ya watu waliosali usiku na mchana. Hakuna mhubiri anayeweza kulimaliza swali hilo kwa dakika tano, na anayedai ameweza, mtazameni vizuri.

SWALI LA TATU: Nisipouliza, nitajuaje kweli na uongo?

Hapa hatuhitaji mfano wa mbali. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Mpaka kazi ile inasimama, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa, na wengi walikuwa watoto. Mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yanasema waumini walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu.

Wale hawakuwa watu wajinga. Walitoka pande nyingi za Kenya, na baadhi yao walikuwa na kazi na elimu. Lakini mahali ambapo mmoja anasema "Mungu ameniambia", na wote waliobaki hawana ruhusa ya kusema "tutajuaje?", pale hatari imeshaingia. Mtu mmoja mwenye kuuliza maswali ya kukera anaweza kuokoa nyumba nzima.

Na hatari hii inakuja pia kwa sura ndogo. Anakuja mgeni na Biblia mkononi, anaiambia chama chenu cha kuweka akiba: toeni shilingi elfu tano, Mungu atazirudisha mara kumi. Nani atasimama aulize, "Risiti iko wapi?" Mara nyingi ni yule yule mliyemnyima cheo.

MAMBO YA KUFANYA

Sasa tuseme kwa vitendo.

Kwanza, sala ya kufungua mkutano iendelee, kama wanachama wanaipenda. Asiyetaka kusali akae kimya kwa heshima, na asiulizwe mbona hakufumba macho. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanza kwa kumtambua Mungu Mwenyezi, na katika kifungu cha 32 inasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake. Ikiwa katiba ya nchi imeweza kubeba yote mawili, ya kikundi inaweza pia. Na msisahau jirani zetu Waislamu.

Pili, uongozi utolewe kwa uaminifu na kazi. Kuimba vizuri si sababu ya kushika pesa, na kukosa kuimba si sababu ya kunyimwa kitabu cha hesabu.

Tatu, maswali makubwa yapewe siku yake. Mkutano wa pesa ni wa pesa. Mnaweza kukubaliana jioni moja kila mwezi, chini ya mti, watu wazungumze juu ya imani bila haraka. Anayeuliza naye ana wajibu: asiwadharau wanaosali, wala asichokoze wakati wa matanga.

Nne, tujifunze kusema "sijui". Wazee wa Kiacholi walisema hivyo na walikuwa sahihi. Walioharibu ni waliowalazimisha.

Tano, akitaka kuondoka kikundini aondoke na hisa zake zote, hesabu ikionekana. Tusitumie jina la Mungu kula jasho la mtu.

Ndugu zetu, Tomaso alisema hataamini mpaka aguse makovu. Wenzake hawakumtoa nje. Juma moja baadaye alikuwa bado pamoja nao chumbani, na ndimo Yesu alimokutana naye. Wangemfukuza, angekosa. Hilo ndilo tunalowaomba: mwacheni mlango wazi, na kiti chake kiwepo.

 

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Je, kuna mtu katika kikundi chetu aliyenyamaza kwa sababu alichekwa? Nani atakwenda kumwona?

2. Tumewahi kusema "ni mapenzi ya Mungu" juu ya jambo ambalo tungeweza kulizuia? Ni jambo gani, na tuanze lini kulirekebisha?

3. Mgeni akija akisema ametumwa na Mungu achukue michango, tutamwuliza maswali gani matatu kabla ya kufungua sanduku?