Tuisheni ya peke yake au ya kundi?

 

Kila mwaka mtihani wa darasa la saba ukishapita, mwezi wa Septemba, simu yangu haipumziki. "Kaka, mtoto amemaliza. Nimtafutie mwalimu wa peke yake au aende tuisheni na wenzake?" Zamani nilijibu haraka: wa peke yake. Ndivyo nilivyomfanyia mwanangu. Mwalimu alikuja nyumbani kila jioni na daftari likajaa vema. Mtihani ulipofika, kijana akaanguka. Kumbe mwalimu ndiye aliyekuwa akifanya maswali, yeye ananakili tu.

Mfikirieni mtoto wa Mbulumbulu au Endulen. Nyumbani anaongea Kiiraqw au Kimaa. Miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza, na hesabu, baiolojia, jiografia, vyote ni kwa Kiingereza. Ana miezi mitatu na kidogo ya kujiandaa. Lugha inataka wenzako wa kuulizana nao, wa kukosea nao, hata wa kuchekana kidogo. Huyo namweka kwenye kundi, ila liwe la watoto kumi au kumi na watano. Wale themanini wanaobanana chumba kimoja wanalipia kutazama mgongo wa mwalimu.

Lakini yuko mwingine ambaye kusoma aya moja anahema, na kugawanya hajawahi kukuelewa tangu darasa la nne. Kwenye kundi atajificha nyuma. Huyo apate mwalimu wake, wiki nne au sita, kwa jambo hilo moja, kisha arudi kwa wenzake. Utamjuaje? Mpe kitabu asome mbele yako. Hata mama asiyejua Kiingereza atasikia mahali mtoto anapokwama.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na tunashukuru. Tuisheni bado iko mfukoni mwa mzazi. Mwenye vitunguu Mang'ola, msimu ukiwa mzuri, atalipa. Mfugaji ambaye ukame umemwachia ng'ombe wawili atalipa nini?

Kwa hiyo fedha za leo, sehemu kubwa naomba iende kwenye makundi ya likizo, kata kwa kata, na nyingine itengwe kwa hao wanaojificha nyuma. Bahasha ziko mezani. Andikeni na jina la kata yenu.