Majestic ya Vuga isiachwe ife

Msikilizaji, majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yanapotajwa, watu hukimbilia makasri ya masultani. Mimi leo nataja sinema. Mwaka 1921, mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alifungua ukumbi wa Royal pale Vuga, uliochorwa na John Sinclair, yule yule aliyechora jumba la makumbusho la Beit el Amani. Ukumbi uliungua katika miaka ya 1950, na mahali pake ikasimama Majestic, mwaka 1955.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Watu walitoka wamejipamba, na tiketi zikiisha dirishani unazikuta kwa walanguzi, bei imeshapanda. Nakala moja ya filamu ya Kihindi iliweza kuhudumia kumbi mbili usiku mmoja: rili ikimalizika huku, kijana anaipakia kwenye baiskeli na kuikimbiza kule, na ole wake apate pancha! Yalikuwepo pia maonyesho ya wanawake peke yao, na akina mama hawakukubali kuyakosa.

Wanaosema televisheni ndiyo iliyoiua sinema wanarahisisha mambo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, na foleni za sinema ziliendelea. Pigo kubwa lilikuja na kanda za video, kisha jengo la Majestic likakosa matunzo hadi paa likaporomoka.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Wenye mamlaka, saidieni Majestic ikarabatiwe, na ikishakarabatiwa ibaki ukumbi wa wananchi, isigeuzwe hoteli nyingine.