Rangi Mpya Ukutani: Kulichunguza Jengo la Kupanga Kampala Kabla ya Kulipa Kodi



Anayetafuta nyumba New York hufungua tovuti ya idara ya nyumba ya jiji, akaandika anwani, akasoma malalamiko ya wapangaji juu ya jengo lile. Kampala tuna dalali, naye hulipwa siku unapohamia, si siku paa linapovuja.

Sheria zipo. Ile ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inakataza kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu. Ile ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka jengo lipate kibali cha kukaliwa kabla watu hawajaingia. Ombeni kukiona. Wengi mtajibiwa kwa kicheko. Hata kikiwepo, kibali hakisemi jengo limetunzwaje tangu siku lilipokaguliwa.

Hayo yako ukutani na vinywani mwa watu. Nendeni mkaangalie nyumba msimu wa mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Mitaa ya bondeni inayofurika, kama Bwaise na Kalerwe, haihitaji maelezo, lakini hata mlimani maji hushuka yakaingia nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko. Ukiona rangi mpya kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na juu yake rangi imefifia, uliza maji yalifika wapi. Niliwahi kuhamia nyumba inayonukia rangi, nikafurahi. Wiki ya tatu godoro lilikuwa limeota ukungu. Fungua bomba saa moja jioni, wakati kila mtu anaoga. Uliza shimo la maji taka lilinyonywa lini. Uliza kama mita ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia na chumba cha nyuma, na uombe kuona bili ya maji ya mwisho.

Halafu rudi bila dalali, ukaongee na askari wa geti. Huyo anajua ni wangapi wamehama mwaka huu, na nani alihama usiku. Kijana anayeuza roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai, hapo nje naye husikia mengi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, ndiye anayepelekewa ugomvi wa amana zisizorudishwa. Ukimpata aliyetoka chumba hichohicho, muulize: bomba lilipopasuka, fundi alikuja baada ya siku ngapi?

Wenye nyumba mliomo katika semina hii mtasema mpangaji naye ana historia yake. Kweli, na mna haki ya kuiuliza.

Kasoro mtakazoziona ziingie kwenye mkataba kabla ya pesa kutoka: paa la jikoni linavuja, litazibwa kabla ya tarehe fulani. Sheria ya 2022 inataka upangaji wa thamani ya shilingi 500,000 na kuendelea uwe na mkataba wa maandishi.

Pendekezo langu ni dogo: kila LC1 iwe na daftari la malalamiko ya nyumba, liandikwe jengo, tatizo, tarehe lilipoletwa na tarehe lilipotengenezwa, na anayetafuta nyumba aruhusiwe kulisoma palepale ofisini.