Risasi Ikilia, Tuulize
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi wa Endasak, Wilaya ya Hanang



Hapa kwetu chini ya Mlima Hanang, mali ya mtu ni shamba lake na ng'ombe wake. Mwizi wa mifugo humwachia mwenzake zizi tupu na watoto wenye njaa. Kwa hiyo redio ikitangaza kwamba polisi wameua majambazi, wengi wetu hupiga makofi. Mimi pia nimepata kupiga makofi. Leo nauliza: tulijuaje kwamba waliokufa walikuwa majambazi?

Januari 2006 habari ya namna hiyo ilitoka Dar es Salaam. Polisi walisema wameua majambazi wanne katika mapambano ya risasi huko Sinza. Ndugu wa marehemu hawakukubali. Rais Kikwete akaunda Tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na ukweli ukatoka. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge. Wa nne alikuwa dereva wa teksi. Hapakuwa na mapambano. Walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa katika msitu wa Pande, wakapigwa risasi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia askari walioshtakiwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kifo. Miaka 10, ndugu zangu!

Jambo hili si geni. Machi 1959, huko Hola, Kenya, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa na askari mpaka wakafa. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Mkoloni amekwenda zake, lakini tabia ya kuamini neno la kwanza la mwenye silaha tumebaki nayo.

Sisemi polisi wasijitetee. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari kilivamiwa, na askari wanne wakauawa. Hao nao ni watoto wa wananchi. Askari aliyeelekezewa bunduki hana nafasi ya kumngojea hakimu.

Basi tutapimaje? Mwaka 1990, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana ulikubali kanuni: askari asipige kwa kuua ila pale isipoepukika kabisa ili kuokoa maisha. Kutokana na kanuni hiyo mimi napata maswali matatu.

Kwanza, dakika ile ya risasi, maisha ya nani yalikuwa hatarini? Hatuulizi marehemu aliiba nini jana. Wizi una mahakama yake.

Pili, je, palikuwa na njia nyingine? Mtu aliyekwisha kufungwa pingu hana tena vita na mtu.

Tatu, nani amechunguza? Aliyepiga risasi akiwa ndiye shahidi, ndiye mpelelezi na ndiye msemaji, hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Katiba yetu, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Haikusema kila mtu mwema. Tena iko Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, ili kifo cha namna hii kichunguzwe mbele ya sheria. Lakini sheria haina macho. Macho ni yetu. Aliyeona, akumbuke mahali na saa, aende akatoe ushahidi. Maiti isizikwe kabla daktari hajaipima. Na sisi wenyewe tuache kumchoma moto mwizi, maana anayeua bila kuuliza hana uso wa kumuuliza polisi.

Ndugu zangu, ndugu wa wale wanne hawakuwa na bunduki wala cheo. Walikataa tu kunyamaza. Tukiishangilia leo risasi isiyoulizwa, kesho ikimpata mtoto wa Endasak, nani atauliza?